Dawa ya Moto: Texas na Safari ya Kutafuta Mbadala wa Petroli

Mwezi Julai mwaka 2017 kampuni ya Toyota ilifungua rasmi makao yake makuu ya Amerika ya Kaskazini katika mji wa Plano, kaskazini mwa Dallas, baada ya kuhama kutoka Torrance, California. Hiyo ndiyo kampuni iliyoizoesha dunia kununua gari linalochanganya petroli na umeme. Miaka sita baadaye, mwaka 2023, ExxonMobil, jabali la mafuta lililokuwa na makao yake Irving, upande mwingine wa jiji hilohilo, ilikamilisha kuhamia kaskazini mwa Houston. Mpenda mafumbo angesema kwamba mwuza mafuta ametokea mlango mmoja, mpunguza mafuta ameingilia mlango wa pili, na zama zimegeuka.

Historia haikubali fumbo jepesi kiasi hicho. Exxon haikufunga duka. Ilisogea karibu zaidi na viwanda vyake vya kusafishia mafuta. Toyota nayo haikuja Texas kuizika petroli, kwani karibu kila gari inaloliuza huko bado lina tangi la kujazwa kituoni. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Exxon yenyewe ilitengeneza magari ya majaribio yenye injini ya mafuta na mota ya umeme, na gari mojawapo lililofanyiwa kazi hiyo lilikuwa Toyota. Wauza mafuta waliishika mkononi teknolojia hiyo takriban miaka ishirini kabla Prius haijaonekana barabarani, kisha wakaiweka chini.

Makala haya yanaifuata njia ya jambo hilo katika miji miwili ya Texas, Houston na jiji pacha la Dallas na Fort Worth. Hoja yake ni kwamba huko jitihada za kupunguza petroli zilizaliwa ndani ya nyumba ya petroli: kwa fedha zake, wahandisi wake, sheria zake na hofu zake. Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Swali ni kama dawa ya namna hiyo humponya mgonjwa ama humlea na ugonjwa wake. Kwa msomaji wa Kiswahili swali hilo si la ugenini, maana Dar es Salaam imeingia leo katika njia ambayo Texas iliingia mwaka 1989.

Nyumba ya mafuta

Tarehe 10 Januari 1901, katika kilima cha Spindletop karibu na Beaumont, mashariki mwa Houston, kisima kilichochimbwa chini ya uongozi wa Anthony Lucas kilifoka mafuta hadi juu ya mnara wake. Kwa siku tisa mafuta yaliruka hewani bila kuzuilika, kwa makadirio ya mapipa 100,000 kwa siku. Kabla ya hapo mafuta ya ardhini yalikuwa, kwa watu wengi, mafuta ya taa. Nishati ya mwendo ilikuwa makaa ya mawe, na mitaani magari ya mvuke, ya umeme na ya petroli yalikuwa bado yanashindana bila mshindi. Baada ya Spindletop mafuta yalishuka bei mno, hata kampuni za reli na za meli katika pwani ya Ghuba ya Meksiko zikaanza kuyaacha makaa na kuchoma mafuta.

Jambo hili husahauliwa mara nyingi: petroli yenyewe iliingia Texas ikiwa mbadala. Haikushinda kwa amri ya serikali wala kwa mahubiri. Ilishinda kwa kuwa rahisi, nyingi na nyepesi kubeba. Kila kilichojaribu kuirithi baadaye kilipimwa kwa mizani hiyohiyo.

Miji yetu miwili ilijengwa juu ya ushindi huo, kila mmoja kwa namna yake. Houston ilichimba mfereji wa meli, ukafunguliwa mwaka 1914, na kando yake viwanda vya kusafishia mafuta vikapangana kama shanga. Kampuni ya Humble, iliyopata jina kwenye mji mdogo wa jirani na makao Houston, ndiyo mzizi wa Kitexas wa Exxon ya leo. Dallas haikuwa na mafuta chini ya ardhi yake, lakini ilikuwa na mabenki. Tarehe 3 Oktoba 1930 kisima cha Daisy Bradford Namba 3 kilifungua bahari ya mafuta ya Texas ya mashariki, na H. L. Hunt akamnunua mgunduzi wake, mzee Joiner, katika mapatano yaliyofanyika ndani ya hoteli mjini Dallas. Mabenki ya huko yakajifunza kukopesha kwa dhamana ya mafuta ambayo hayajachimbwa. Houston ikawa mikono ya mafuta, Dallas ikawa mfuko wake.

Juu ya yote ilikaa taasisi yenye jina la kupotosha: Tume ya Reli ya Texas. Tume hiyo ndiyo iliyopanga kila kisima kitoe mapipa mangapi, ili bei isianguke. Waasisi wa OPEC mwaka 1960 waliiangalia kama kielelezo. Kwa miongo kadhaa Marekani ilikuwa na akiba ambayo ingeweza kufunguliwa siku ya dhiki, na ufunguo wake ulikuwa Austin, mji mkuu wa jimbo. Mwezi Machi mwaka 1972 Tume iliruhusu visima vitoe asilimia 100 ya uwezo wao. Tangazo lilikuwa kavu, lakini maana yake ilikuwa nzito: akiba imekwisha. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, nchi za Kiarabu zilipoweka vikwazo vya mafuta, Texas haikuwa na bomba la ziada la kufungua.

Miaka ya uhaba

Pipa la mafuta ghafi lililokuwa kama dola 3 lilikaribia dola 12 kufikia Januari 1974. Washington ilijibu kwa sheria. Mwaka 1975 Bunge liliwataka watengenezaji wa magari wapunguze matumizi ya mafuta kwa viwango vya kupimika. Mwaka 1976 likapitisha sheria ya utafiti na maonyesho ya magari ya umeme na ya mseto. Rais Ford aliikataa, wabunge wakalipindua katazo lake.

Ndani ya Exxon, ambayo wakati huo makao yake yalikuwa New York, hofu ilikuwa ya aina nyingine. Kampuni iliyouza mafuta ilijiuliza itauza nini yatakapokwisha. Mwaka 1972 ilimwajiri mkemia Mwingereza, Stanley Whittingham, naye akiwa huko akabuni betri ya kwanza ya lithiamu inayochajika. Mwaka 1979 ikainunua kampuni ya mota za umeme, Reliance Electric, kwa zaidi ya dola bilioni moja, ikitumaini kupata kifaa cha kuongoza mota za magari na za viwandani. Magari ya majaribio niliyoyataja mwanzoni yalitoka katika mkondo huohuo. Msomaji wa leo anaweza kushangaa kwamba viungo vikuu vya gari la karne ya 21 vilikuwa vimekusanyika chini ya paa la muuza mafuta kabla ya mwaka 1981.

Afrika ya Mashariki ilikutana na uhaba huohuo bila maabara wala akiba. Serikali ya Tanzania iliyakataza magari ya binafsi kutembea Jumapili alasiri, na kizazi cha wakati huo bado kinaukumbuka ukimya wa barabara za Dar es Salaam siku hiyo. Kenya iligeukia miwa: kiwanda cha Muhoroni kilitengeneza spiriti kutokana na molasi, na tangu miaka ya mwanzo ya 1980 ikachanganywa katika petroli ya Nairobi na maeneo ya jirani, hadi mpango huo ukafifia katika muongo uliofuata.

Katika nchi nyingine inayosema Kiswahili kulitokea jambo ambalo watafuta mbadala wangepaswa kulizingatia mapema. Mwezi Mei mwaka 1978 wapiganaji waliingia Kolwezi, katika Shaba ya wakati ule, Katanga ya kabla na baada yake. Migodi ilisimama, na bei ya kobalti duniani ikapaa mara kadhaa. Miaka miwili baadaye John Goodenough na wenzake, wakiwa Oxford, walionyesha kwamba oksidi ya kobalti hufanya betri ya lithiamu kuwa na nguvu zaidi kuliko ile ya Exxon. Hivyo mbadala wa mafuta ulijengwa, tangu utotoni mwake, juu ya madini ambayo mshtuko wake wa bei ulikuwa umetangulia kuonekana. Goodenough alihamia Chuo Kikuu cha Texas, Austin, mwaka 1986, na mwaka 2019 yeye, Whittingham na Akira Yoshino wakatunukiwa Nobeli ya kemia.

Lakini mwaka huohuo wa 1986 hakuna aliyekuwa na haja ya betri. Bei ya mafuta ilianguka kwa zaidi ya nusu. Exxon ilikwisha kuiacha lithiamu. Mahali pengine Marekani watu walishangilia petroli rahisi. Texas ilikuwa msiba. Ofisi za Houston zilibaki tupu, na katika miaka miwili mitatu mabenki makubwa ya Dallas na Houston yakafilisika au yakauzwa. Hapo ndipo upekee wa jimbo hili unapoonekana. Petroli ikipanda, Mtexas huumia kituoni. Ikishuka, huumia kazini. Mtu mwenye maumivu ya namna hiyo hutafuta mbadala ambao nao atauchimba mwenyewe.

Sheria ya 1989

Mbadala huo ulikuwepo, na ulikuwa mwingi kupita kiasi: gesi asilia. Katika miaka ya 1980 soko la Marekani lilijaa gesi isiyo na mnunuzi. Garry Mauro, Kamishna wa Ardhi wa Texas, aliyesimamia ardhi ya umma ambayo mrabaha wake wa mafuta na gesi huingia katika mfuko wa shule, aliona nafasi. Gesi ikichomwa ndani ya mabasi, hewa ya miji itasafika, petroli ya kigeni itapungua, na shule za jimbo zitapata fedha. Ni nadra sera kubeba fadhila tatu kwa mkono mmoja.

Mwaka 1989 Bunge la Texas lilipitisha sheria iliyozitaka idara za serikali, shule za wilaya zenye mabasi mengi na mamlaka za usafiri wa mijini zihamie kwenye nishati mbadala kwa hatua: asilimia 30 ya magari kufikia 1994, asilimia 50 kufikia 1996, na hata asilimia 90 kufikia 1998 ikiwa hali ya hewa ingedai hivyo. Mwaka 1992 Washington ikafuata kwa sheria ya nishati iliyoweka lengo la kubadilisha asilimia 10 ya petroli ya magari ifikapo mwaka 2000 na asilimia 30 ifikapo 2010. Malengo hayo hayakufikiwa, na sababu zake zinaonekana wazi zaidi katika karakana za mabasi kuliko katika kumbukumbu za Bunge.

Mamlaka ya usafiri ya Houston, METRO, ilichagua gesi iliyogeuzwa kimiminika. Gesi hiyo hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri na kuwekwa katika tangi lenye kuta mbili kama chupa ya chai. Sababu ya kuipoza ni nafasi: lita moja ya gesi kimiminika ina kama asilimia 60 ya nguvu ya lita moja ya dizeli, ilhali gesi iliyoshindiliwa tu huhitaji nafasi takriban mara nne ya dizeli kwa mwendo uleule. Hata hivyo baridi ina masharti yake. Basi likisimama siku kadhaa, gesi huanza kuchemka na kutafuta pa kutokea. Kwa kuwa gesi kimiminika haiwezi kutiwa ile harufu inayomwonya mpishi jikoni, basi lilihitaji vifaa vya kuinusa kwa niaba ya dereva. Mafundi waliozoea dizeli walipaswa kujifunza upya.

Injini za Houston zilikuwa na jambo moja zaidi. Ziliwaka kwa gesi, lakini moto wake ulianzishwa na dizeli kidogo, na ziliweza pia kutembea kwa dizeli peke yake. Katika jedwali basi lilihesabiwa kuwa la gesi. Barabarani, gesi ilipokuwa ghali au kifaa kilipokorofisha, likarudi dizeli. Kabla muongo haujaisha, METRO ilikuwa imeiacha gesi kimiminika.

Dallas ilichelewa, nayo ikaingia kwa nguvu. Mamlaka yake ya usafiri, DART, ilianza mwaka 1998 kupokea mabasi zaidi ya 100 ya gesi kimiminika. Mabasi ya mwanzo yalikwenda umbali mfupi kuliko ilivyotarajiwa, na injini zilihitaji marekebisho ya mara kwa mara. DART ilivumilia, ikarekebisha, na katika miaka ya 2010 ikahamia kwenye gesi iliyoshindiliwa, ambayo jirani yake Fort Worth alikuwa akiitumia tangu zamani. Ukilinganisha miji hiyo, utaona kwamba tofauti ilikuwa katika uvumilivu wa karakana na ukubwa wa kituo cha kujazia. Gesi huwafaa walio na kundi la magari yanayolala mahali pamoja kila usiku; kwa mwananchi mwenye gari moja na vituo vichache vilivyotawanyika, ilibaki kuwa hadithi ya gazetini.

Mafuta nayo hayakukaa kimya. Sheria ya hewa ya mwaka 1990 iliyabana majiji yote mawili kwa sababu ya ozoni, ule moshi unaopikwa na jua la kiangazi. Viwanda vya kando ya mfereji vilijibu kwa kuibadilisha petroli yenyewe; tangu Januari 1995 Houston na Dallas zikauziwa petroli iliyotengenezwa upya ili itoe moshi hafifu. Kiungo chake kimoja, MTBE, kilitengenezwa kwa wingi katika eneo la Houston, hadi kilipoonekana kuchafua maji ya visima na kuachwa kufikia mwaka 2006. Mwaka huohuo wa 1995 Bunge la Texas lilirekebisha sheria ya Mauro: badala ya kuuliza gari linakunywa nini, sheria sasa iliuliza linatoa moshi kiasi gani. Petroli safi ikakubaliwa kuwa jibu. Kwa upande wa mapafu, swali jipya lilikuwa la haki. Kwa upande wa utegemezi wa mafuta, mlango uliofunguliwa mwaka 1989 ulikuwa umerudishwa.

Mwamba wa Barnett

Chini ya Fort Worth, zaidi ya kilomita mbili ardhini, kuna mwamba mgumu uitwao Barnett. Wanajiolojia walijua una gesi. Hawakujua namna ya kuitoa. George Mitchell, mzaliwa wa Galveston, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, alianza kuujaribu mwaka 1981. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wake walifaulu kuupasua kwa maji mengi yaliyotiwa kemikali kidogo na mchanga, wakisukuma kwa shinikizo. Muda si mrefu minara ilisimama kando ya shule, makanisa na hata katika uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth.

Kwa muda ilionekana kwamba ndoto ya 1989 imepata mtaji wake. Mwezi Julai mwaka 2008, pipa lilipogonga dola 147, bilionea wa mafuta wa Dallas, T. Boone Pickens, alitangaza mpango wake. Alitaka upepo uzalishe umeme, na gesi iliyokuwa ikichomwa kwa umeme ihamishiwe kwenye malori. Hakuficha kwamba alikuwa na hisa katika kampuni ya vituo vya gesi aliyoianzisha mwenyewe. Matangazo yake yalijaa katika runinga. Kufikia Desemba mwaka huo bei ilikuwa imeanguka hadi chini ya dola 40, na mwaka uliofuata aliacha mradi wake mkubwa wa upepo. Pickens alirudia, kwa fedha yake mwenyewe, somo la 1986.

Kejeli kubwa zaidi ilikuwa inakuja. Ustadi uliotoa gesi ya Barnett ulipelekwa kusini na magharibi mwa Texas kutoa mafuta. Marekani iliyokuwa ikitoa mapipa milioni 5 hivi kwa siku mwaka 2008 ikazidi milioni 12 mwaka 2019. Elimu iliyotarajiwa kulea mbadala iliirudishia petroli ujana wake. Wananchi wa Denton, kaskazini mwa Fort Worth, walipiga kura Novemba 2014 kuzuia upasuaji wa miamba mjini mwao. Mwezi Mei uliofuata jimbo likatunga sheria iliyoizima kura hiyo. Jimbo lilikuwa limesema wazi ni nani mwenye neno la mwisho kuhusu kilichomo ardhini.

Mseto

Kati ya majaribio haya yote, lililoenea zaidi kwa watu wa kawaida halikuwa katika hesabu za Bunge la Texas. Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997 na Marekani mwaka 2000. Kiswahili kina neno zuri kwa gari la namna hiyo: mseto. Anayekijua chakula chenyewe, mchele na choroko katika sufuria moja, anajua kwamba kila kimoja kinabaki na ladha yake, lakini hakuna kinachoweza kuondolewa tena.

Ndivyo gari hilo linavyofanya kazi. Injini ya petroli hupoteza mafuta mengi zaidi inapowaka bila kazi na inapoanza mwendo. Mota ya umeme huchukua kazi hiyo ya kuanza. Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha katika betri sehemu ya nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea kuwa joto. Katika foleni za Houston, ambako gari husimama na kuondoka mara mia kabla ya kufika kazini, akiba hiyo ni kubwa: Prius huweza kutembea kilomita 100 kwa lita 5 hivi au pungufu. Dereva hahitaji kituo kipya, fundi mpya wala sheria mpya.

Bill White, meya wa Houston kuanzia 2004 hadi 2010, aliyewahi kuwa naibu waziri wa nishati mjini Washington, aliingiza magari ya mseto kwa wingi katika huduma za jiji. Muda mfupi baada yake yalifuata ya umeme mtupu: mwaka 2010 kampuni ya umeme ya NRG ilizindua mjini Houston mtandao binafsi wa vituo vya kuchajia, ukafuata Dallas na Fort Worth. Hata hapa njia haikunyooka. Mwezi Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme wa Texas, mabomba ya gesi yakaganda, na baadhi ya watu wakawasha taa za nyumba zao kwa jenereta iliyomo ndani ya lori la mseto. Tangu Septemba 2023 mwenye gari la umeme mtupu hulipa jimbo dola 200 kila mwaka, fidia ya ushuru wa petroli asiyoinunua. Gari la mseto, kwa kuwa bado linanunua, halitozwi. Sheria hiyo inaonyesha vizuri mahali ambapo Texas imeketi: mseto ni mgeni anayekula chakula cha wenyeji.

Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wa mseto. Umeokoa mafuta mengi kwa sababu haukudai mtu aache kitu. Kwa sababu hiyohiyo haumtoi mtu katika nyumba ya petroli; humpunguzia kodi ya pango. Toyota ilipoamua kwamba Camry mpya ya mwaka wa mauzo 2025 itauzwa Marekani ikiwa mseto peke yake, vituo vya mafuta vya Plano havikuwa na sababu ya kufunga milango.

DART mbili

Kwa msomaji aliyelelewa Dar es Salaam, herufi DART zina maana nyingine. Ni Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, ulioanzishwa mwaka 2007, ambao mabasi yake yalianza kubeba abiria mwaka 2016. DART ya Dallas na DART ya Dar es Salaam hazina udugu ila wa herufi, lakini sasa zinakutana katika mafuta. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, miezi michache baada ya vikwazo vya mafuta, ikasubiri hadi mwaka 2004 kuanza kuzalisha umeme. Leo inasafiri mitaani. Bajaji na teksi zinafungwa mitungi, foleni zinaonekana kwenye vituo vya kujazia, na mabasi ya gesi yameletwa kwa ajili ya njia ya Mbagala.

Hoja zinazotolewa ni zile za Mauro karibu neno kwa neno: gesi ni yetu, ni nafuu, ni safi zaidi, na itatuokoa na petroli ya kigeni. Kwa Tanzania hoja hizo zina uzito kuliko zilivyokuwa Texas, maana Texas ilikuwa na petroli yake, ilhali Tanzania huiagiza yote. Hata hivyo Texas imeacha maswali ambayo hayategemei utajiri. Kituo kitaendelea kulipiwa na nani siku petroli itakaposhuka bei? Karakana imeandaliwa kwa uvumilivu wa miaka kumi, au kwa sherehe ya uzinduzi? Je, sheria itahesabu mabasi yaliyonunuliwa, au lita ambazo kweli hazikuchomwa?

Swali jingine linawahusu ndugu zetu wa Katanga, ambao baadhi yao ni majirani zetu leo mjini Dallas na Fort Worth. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Betri za aina mpya, zenye asili katika chuma na fosfeti ambavyo maabara ya Goodenough ilivionyesha huko Austin mwaka 1997, hazihitaji kobalti kabisa. Mwanafunzi wa historia ya Texas atatambua hali ya Kolwezi: mji uliojengwa juu ya kitu kimoja, unaongoja habari ya bei kutoka mbali, na maabara inayotafuta namna ya kuishi bila huo. Tofauti ni kwamba Houston ilikuwa na mabenki, vyuo na wabunge wa kuitafutia kazi nyingine.

Dereva wa bajaji aliyefunga mtungi jijini Dar es Salaam, kwa kawaida, haondoi tangi la petroli. Chini ya mkono wake kuna swichi: gesi ikiisha kabla hajafika kituoni, huigeuza na kuendelea na safari. Ndiyo injini ya Houston ya miaka ya 1990, yenye mbadala kwenye karatasi na njia ya kurudi nyuma. Tofauti ni kwamba dereva huyu hutumia fedha yake mwenyewe, na kila anapoigusa swichi ile anajua gharama yake kwa shilingi. Watunga sheria wa Austin hawakuwahi kuwa na kipimo cha namna hiyo. Kama serikali zetu zitajifunza kusoma swichi hiyo, yaani kujua imekaa upande gani, kwa saa ngapi na kwa nini, zitakuwa zimepata elimu ambayo Texas iliilipia kwa miaka thelathini.